Sura ya Saba: Kibuyu cha Kisimani

Lisemwalo halipo, na siku likionekana lipo, wachunguze wasemaji, maana wao ndio waliolileta. Hivyo ndivyo Inspekta Mwanne alivyozoea kuigeuza methali ya wazee, na asubuhi ile ya Septemba aliigeuza tena, safari hii kwa sauti, mbele ya meza ya mkuu wake.

"Methali ya watu umeivunja shingo," alisema Mrakibu Bartolomayo bila kuinua macho kwenye jalada.

"Imenidanganya mara nyingi, afande. Nimeitia adabu."

Bartolomayo, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alicheka kwa pua. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, nadhifu, aina ya mtu anayepiga pasi hata leso. Alilifunga jalada akaliwekea kiganja juu yake, kama anayezuia lisiruke.

"Leo linakwenda kwa mwanasheria wa serikali. Kuua kwa kukusudia. Una la kuongeza?"

"La kupunguza, afande."

Ndani ya jalada kulikuwa na kifo cha Swalihu Makame, mfanyabiashara wa Chang'ombe, pale pale mjini Dodoma. Alikutwa chini ya kisima alichokuwa akichimbisha katika shamba lake la zabibu kule Mkonze. Kisima chenyewe kilikuwa kikavu, hakijatoa hata jasho. Shingo ilikuwa imevunjika. Na ile kamba nene ya katani, iliyofungwa kwenye gogo mdomoni mwa kisima ili mtu apande na kushuka, haikuwapo. Mtu hafi kisimani, kisha akaivuta kamba yake na kuondoka nayo. Kuna mkono ulioivuta.

"Mkono wa Harithi," alisema Bartolomayo. "Mdogo wake mwenyewe. Swalihu alitaka kuiuza nyumba ya baba yao kwa tajiri Tajdin, ibomolewe lijengwe ghala. Tangu biashara ziwe ruksa, kila mwenye ukuta barabarani anauona dhahabu. Harithi hakutaka. Alitamka nje ya msikiti, watu wakisikia: 'Kabla hujaiuza nyumba ya baba, nitakuwa nimekuzika.' Siku ya kifo ameonekana njia ya Mkonze. Na jana jioni amesema kwa kinywa chake kwamba amemuua ndugu yake. Unangoja nini tena, ashuke malaika?"

"Nangoja nia."

"Na hiyo nyumba?"

"Hiyo ni sababu. Sababu anaweza kuwa nayo mtu yeyote, afande. Mimi ninazo tatu za kumchukia mwenye nyumba wangu, na bado anaamka salama kila siku. Sheria haimnyongi mtu kwa kuwa alikuwa na kisa. Asiye na kisa hata kimoja hunyongwa akikusudia, na mwenye visa gunia zima hupona kitanzi akiwa hakukusudia. Jaji atatuuliza swali moja: aliyeivuta kamba ile, alitaka Swalihu afe? Tutamjibu kwa habari za nyumba?"

Mwanne akalifungua jalada chini ya vidole vya mkuu wake na kutoa picha.

"Na hiki je?"

Ilikuwa picha ya kibuyu. Kilikutwa kisimani kikining'inia kwa uzi wa katani, uzi huo ukiwa umefungwa kwenye gogo lile lile palipokuwa na kamba. Hakikuvunjika. Ndani yake mlikuwa na togwa nusu.

"Nilikipeleka kwa Mkemia," alisema Bartolomayo, sauti ikiwa imepoa kidogo. "Sumu haikuonekana."

"Haikuonekana kwa sababu haikuwamo. Mjane anasema mumewe aliondoka nyumbani na bakora na funguo, basi. Nyumbani kwao hakuna kibuyu, wana chupa za chai. Kwa hiyo aliyeondoa kamba ndiye aliyeteremsha togwa. Na Swalihu ameinywa, nusu nzima, kwa raha zake. Mtu gani anamfungia mwenzake kisimani afe, kisha anamjali asione kiu?"

Mkuu aliitazama picha muda mrefu. Alipoinua uso hakuwa amekubali, lakini hakuwa tena na ile haraka.

"Jalada linaondoka alasiri," alisema. "Ukirudi mikono mitupu, linaondoka kama lilivyo."

*

Harithi alikuwa fundi cherehani. Siku zile za mahabusu zilikuwa zimemtoa mwili, lakini chaki ya bluu ilikuwa bado imegandia kwenye ukucha wa dole gumba. Mwanne alimjua tangu utotoni. Ndiye aliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule.

"Shikamoo, kaka Harithi."

"Marahaba." Akajaribu kutabasamu. "Kumbe humu ndani bado mna adabu."

"Umesema umemuua kaka yako."

"Nimemuua."

"Kamba uliificha wapi?"

"Kamba gani?"

"Aliyoshukia."

Harithi alimtazama kama mteja aliyeulizwa bei ya kitu asichokinunua. "Habari za kamba mimi sizijui."

"Basi ulimuua kwa kitu gani? Jiwe? Panga?"

"Kwa mdomo wangu huu." Akaugusa. "Alfajiri ile, baada ya swala, nilinyanyua mikono nikamwomba Mungu amwondoe Swalihu. Nikamtaja kwa jina la mama yake, nisije nikakosea anwani. Kulipokucha nikaona nimefanya kufuru, nikashika njia ya Mkonze nimfuate, nimwambie tusameheane. Nilipofika njia panda, nikasema, ah, kwa nini niwe mimi? Yeye ndiye mkubwa. Nikarudi. Mchana wakaja kuniambia amekufa." "Sasa nikisema siye mimi, si nitakuwa mwongo juu ya uuaji?"

"Bartolomayo amekuelewa hivyo? Kwamba ulimuua kwa dua?"

"Aliniuliza kama nimemuua, nikasema ndiyo. Hakuniuliza jinsi gani."

Mwanne aliiweka kalamu chini. Miaka yote kazini alikuwa ameona watu wanaokana walichofanya. Huyu alikuwa akikiri alichotamani.

"Nilitaka afe, Mwanne. Usinipunguzie. Nilitaka hasa."

"Hilo utajibizana na Mola wako, kaka Harithi. Mimi sina pingu za dua. Natafuta mkono."

"Wakileta karatasi nitatia saini," alisema Harithi. "Shemeji Shamimu ananiletea chakula kila siku. Mume wake nimemtakia kifo, naye ananiletea maharage ya nazi. Nitamtazamaje?"

*

Kwenye benchi la korido Mwanne alizipanga tena picha za eneo la tukio. Gogo. Uzi wa kibuyu. Ukuta wa kisima, wenye vishimo vidogo vya kukanyagia walivyochimba vibarua, na kimoja cha juu kikiwa kimemeguka, udongo mpya ukionekana. Daktari alikuwa ameandika kwamba kucha za marehemu zilijaa udongo. Kwa hiyo Swalihu hakusukumwa. Alikuwa akipanda bila kamba, akakaribia kutoka, kidato kikamtupa.

Kisha akaiona. Juu ya gogo, pembeni ya uzi, palikuwa na jani refu la nyasi limefungwa fundo. Nyuma ya picha askari mpiga picha, kijana mgeni wa mji, alikuwa ameandika: *Dalili za ushirikina.*

"Ushirikina wa bibi yako," Mwanne alinong'ona.

Yeye mwenyewe alikuwa mjukuu wa wapagazi wa Tabora, Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara, wakaishia Dodoma na kuoa, na hatimaye wakawa watu wa Chang'ombe, kama ukoo wa akina Swalihu. Misafara hiyo haikupita Ugogo bure. Nchi ni kavu, maji ni ya mwenye nchi, na Mgogo aliketi kando ya kisima chake akadai hongo: kitambaa, shanga, jembe. Usipotoa, hunywi. Walichukiana hadi wakachoka, chuki ikageuka mzaha, na mzaha ukazaa utani. Mpaka leo Mgogo na Mnyamwezi wakikutana wanatukanana ndipo wasalimiane. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua jogoo mbele ya macho yako. Na wazee wa pande zote mbili, mmoja akimshika mwenzake kwa utani, humfungia jani: umefungwa, jikomboe. Baba yake Mwanne aliwahi kufungiwa baiskeli hivyo wiki nzima.

Na hapo akakumbuka maziko. Alikuwa amekwenda kama jirani na kama askari, kutazama nyuso. Palikuwapo Gideoni, Mgogo wa Mkonze ambaye shamba lake limepakana na la Swalihu, mtu ambaye hakuna msiba wa Wanyamwezi mjini alioukosa. Ndiye anayelala kaburini akidai mbuzi kabla maiti haijashushwa. Ndiye anayevaa kanzu ya marehemu na kukohoa kama yeye mpaka wafiwa wacheke kwa machozi. Siku ya Swalihu, rafiki yake kuliko wote, Gideoni alikaa mkekani mikono mapajani. Watu wakasema, maskini, uchungu umemzidi. Mwanne naye alisema hivyo hivyo.

Land Rover ya kituo haikuwa na mafuta. Aliazima baiskeli.

*

Gideoni alikuwa akipogoa mizabibu yake. Upepo wa Mkonze ulikuwa ukivuta vumbi kutoka upande wa barabara, na mzee alifanya kazi akiwa ameupa mgongo. Mwanne aliegemeza baiskeli kwenye mti wa mkwaju akamkaribia, na badala ya kusalimu akapaza sauti:

"Wewe Mgogo! Bado mnakalia maji ya watu?"

Mkasi ulisimama.

"Nimepita shamba lako lote sijatozwa kitu," akaendelea. "Babu zako wangekuona wangekulaani. Au ukoo umekwisha, amebaki huyu mwenye mkasi?"

Palitakiwa kurudi matusi hapo. Palitakiwa kuulizwa: mpagazi, mzigo wako umeutupa wapi? Hata mtoto wa Kigogo angeijua kazi yake. Gideoni alikata kijiti kimoja, kikaanguka.

"Karibu, afande," alisema.

Mwanne alikuwa amejiandalia maswali njia nzima. Lile neno moja liliyajibu karibu yote. Mtani haambiwi *karibu, afande.*

"Shikamoo, mzee Gideoni," alisema kwa sauti nyingine.

"Marahaba, mwanangu."

"Kibuyu chako tunacho kituoni. Hakikuvunjika."

Mzee aliuweka mkasi juu ya jiwe taratibu.

"Kabla hujasema lolote," alisema Mwanne, "nakuonya kwa mujibu wa kazi yangu. Hulazimiki kuniambia neno. Ukiniambia nitaliandika, na litasomwa mahakamani."

"Andika," alisema Gideoni. "Limenichosha kulibeba. Siku hizi mpagazi ni mimi."

Alikaa chini. Mwanne naye akakaa, daftari gotini.

"Alishuka kuangalia udongo, maana vibarua hawakuwapo. Nikamkuta chini. Nikaivuta kamba. Nikamwambia: Mnyamwezi, umeingia Ugogo, na hapo ulipo ni kisimani. Toa hongo. Akaniuliza, hongo gani? Nikamwambia beberu, yule mwenye madoa. Alicheka mpaka kisima kikaitika. Akasema, babu yangu alilipa kwa kuwa alikuwa na kiu, mimi maji yenyewe sijayaona, nilipie nini? Nikamwambia, basi kaa humo mpaka uyaone."

"Alikuwa amekukosea nini?"

"Kunikosea?" Gideoni alishangaa. "Harusi ya binti yangu aliiba kiti changu. Baba wa bibi harusi nikapokea mahari nimesimama kama mlinzi. Ilikuwa zamu yangu tu."

"Na togwa?"

"Jua lilikuwa kali. Nikamteremshia, asikauke koo akashindwa kunitukana. Akanywa, akasema togwa yenyewe ina mchanga. Nikafunga jani. Nikasema naenda kuwaita wenzetu waje wamwone mpagazi aliyenaswa. Akapiga kelele nyuma yangu: 'Ukirudi utanikuta nimekaa juu ya hilo gogo, na wewe ndiye utakayelipa!'"

Mwanne aligeuza ukurasa wa daftari.

"Sikufika hata barabarani. Nilisikia kishindo. Nikarudi mbio, nikamwita. Hakuitika. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza Swalihu kushindwa kunijibu. Nikataka kufunga kamba nishuke, mikono ikakataa kufunga. Nikajikuta nyumbani, kamba begani. Iko darini. Sijaigusa tena."

"Alijua kupanda?"

"Mtu wa makamo yake, na tumbo lile? Mimi sikudhani atajaribu. Nilidhani atalipa." Akatikisa kichwa. "Hapana, nakosea. Nilijua hatalipa. Nilidhani atakaa, anitukane mpaka nirudi."

Mwanne aliandika neno hilo lote, na la kwanza na la kusahihishwa. Kisha akauliza lililobaki.

"Harithi yuko ndani kwa kifo hiki. Anakubali makosa yasiyo yake. Ulikuwa unalijua hilo?"

"Nilikuwa nalijua."

"Ukanyamaza."

"Nilisema kesho watamwachia. Kesho ikawa inazaa kesho nyingine."

"Wangemnyonga, mzee Gideoni. Huo nao ungeuita utani?"

Kwa mara ya kwanza mzee aliinamisha uso. "Huo, hapana," alisema.

*

Alasiri ilikuta jalada bado mezani. Bartolomayo aliyasoma maelezo, akarudia, kisha akaishika kamba iliyoletwa kutoka darini kama anayeipima uzito. Mbele yake alisimama Gideoni. Harithi alikuwa ametolewa, ameketi benchi la ukutani. Mjane Shamimu, ambaye alikuwa amefika na bakuli la chakula kama kila siku, aliitwa ndani akaambiwa yote. Alikuwa bado ameshika bakuli.

"Huku kuna mtu aliyetaka bila kutenda," Bartolomayo alisema polepole, "na huku aliyetenda bila kutaka. Na mimi nilikuwa namnyonga yule wa kwanza." Akamgeukia Mwanne. "Bila kukusudia, basi. Ndivyo nitakavyoandika, ingawa mwanasheria anaweza kuuliza kama mtu mzima hakujua hatari ya kisima."

"Ataulizwa hivyo, na ni haki aulizwe," alisema Mwanne.

Gideoni alimgeukia Harithi. "Wewe nimekukosea. Nilinyamaza ukiteseka. Hilo ni deni langu, na nitalitamka popote nitakapopelekwa."

Harithi alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Vizuri," alisema Bartolomayo akiichukua kalamu. "Sasa, mzee, mwombe radhi mjane. Hapa, mbele yetu. Nitaandika kwamba umejuta. Nakusaidia, unaelewa? Neno hilo moja linaweza kukupunguzia miaka."

Shamimu aliliweka bakuli mezani.

"Shemeji Gideoni," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Neno lake la mwisho lilikuwa lipi?"

"Alisema ni mimi nitakayelipa."

Shamimu aliufunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalitikisika, na hakuna aliyeweza kujua kama ni kilio au kicheko, mpaka sauti ilipomtoka ikawa vyote viwili.

"Haya, mzee," Bartolomayo alihimiza. "Sema."

"Sisemi."

"Huoni uchungu?"

"Uchungu ninao wa kunizika. Kama gereza lipo, nipeleke, nitalala humo. Lakini radhi huombwa na mtu aliyetaka ubaya ukampata mwenzake. Nikimwomba Swalihu radhi kwa ile kamba, nitakuwa nimesema kwamba siku ile nilikuwa adui yake. Atakuwa amekufa mikononi mwa adui. Na togwa ile aliyokunywa itakuwa ya adui. Sikuwa adui yake hata siku moja."

"Jaji hatakuelewa."

"Basi asinielewe."

Bartolomayo alimtazama Mwanne, akitaka msaada. Mwanne alikuwa tayari ameivuta karatasi upande wake, kalamu imesimama juu ya mstari mtupu. Gideoni akamwona, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wa mzee ukarudi kuwa uso unaofahamika na mji mzima.

"Andika sawasawa, wewe mpagazi wa Tabora, usiniongezee wala usinipunguzie," alisema. "Siombi radhi."